Mlinzi Wetu Anakula Nini?

Masomo: Nehemia 4:7-23 na 5:14-18, 1 Samweli 25:2-35, Luka 22:35-38 na 22:47-51

 

Juma hili tunaleta neno ambalo tumelikawiza siku nyingi. Siku moja ya Mungu, kisha ibada, vijana watatu wa kanisa walibaki nyuma mpaka watu wote walipotoka. Mmoja alibeba mfuko wa unga, lakini ndani ya mfuko hamkuwa unga. Wakasema: «Mchungaji, usiku huu tunatoka kulinda njia. Utuombee sisi, na uombee hiki pia.» Walitaka tuweke mkono juu ya bunduki.

Tuliwaombea wao. Tuliweka mikono juu ya vichwa vyao vitatu, mmoja mmoja kwa jina lake. Ule mfuko tulikataa kuugusa. Wakaondoka bila kuridhika, na sisi tukabaki pale kanisani bila kuridhika vilevile. Kwa maana kama kazi waliyokwenda kuifanya ni njema, kwa nini tulikataa kukibariki chombo chake? Jembe tunaliombea. Tukutuku ya ndugu aliyeanza kazi ya kubeba watu tunaiombea. Na kama kazi ile si njema, kwa nini tuliwaacha waende, nasi tukalala nyuma yao kama watu wanaolindwa?

Ndiyo maana leo tunafungua Neno. Hatuji kama watu wasiopungukiwa na kitu. Tunakuja kama wachungaji waliokataa kugusa mfuko wa unga na hawakujua kueleza sababu.

1. Hatumcheki anayetafuta silaha

Kuna wahubiri wanaokaa mbali, katika mji wenye polisi kila pembe ya njia, na kutoka kule wanatuambia: Mkristo hana kazi na silaha, mwisho. Maneno yao ni mazuri, lakini hawajalala porini.

Sisi tumelala porini. Wengi wenu mlikuwa pamoja nasi. Mlisikia risasi upande wa mto, mkabeba watoto, mkaacha sufuria ya sombe juu ya moto. Mama watoto wetu alifunika kinywa cha mtoto mdogo kwa kitenge ili asilie, na sisi tulikuwa tunaogopa mara mbili: tuliogopa watu wale wasitusikie, tena tuliogopa mtoto asikose pumzi. Usiku ule, tunakiri mbele ya Mungu na mbele yenu, hatukuomba malaika washuke. Tuliomba tuwe na bunduki.

Basi baba anayesema «Ningekuwa na silaha, wasingemgusa binti yangu», hatumcheki wala hatumwiti mpagani. Torati yenyewe inamjua baba huyo. Someni Kutoka 22, mstari wa 2 na wa 3. Mwizi akivunja nyumba usiku, akapigwa, akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kumtokea mwizi yule, mwenye nyumba ana hatia. Mungu anajua hofu ya usiku. Anajua kwamba gizani mtu haoni kama aliyeingia anataka mbuzi ama anataka roho. Lakini Mungu huyohuyo anaweka mpaka: jua likitoka, huna ruhusa ya kumfuata mwizi mpaka kwao na kumuua. Kujikinga ni kitu kimoja, na kulipiza kisasi ni kingine. Kati ya hivyo viwili Mungu ameweka jua.

2. Sheria inasema nini, na kwa nini inatusumbua

Watu wanatuuliza: sheria ya nchi inaruhusu nini? Tuseme kwa ufupi.

Sheria ya silaha ya nchi yetu ni ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985, wakati wa Zaire. Silaha za vita si za raia. Hata bunduki ya kuwinda inahitaji ruhusa ya serikali. Kwa hiyo ile kalashnikov iliyofichwa chini ya kitanda haina karatasi, na haiwezi kuipata.

Kisha tuna Katiba ya 2006. Kifungu cha 52 kinasema kwamba Wakongomani wote wana haki ya amani na usalama. Kifungu cha 63 kinasema kwamba kila Mkongomani ana haki na wajibu wa kuilinda nchi ikishambuliwa kutoka nje. Lakini kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake, ama milisia yake, ama kulea vijana wenye silaha. Anayefanya hivyo anahesabiwa amefanya uhaini mkubwa.

Mnaona tunavyovutwa pande mbili? Kifungu kimoja kinasema linda nchi, kingine kinasema usijifanyie jeshi. Tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2022, vita ya M23 ilipozidi kule Kivu ya Kaskazini, Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana waingie jeshini na wajipange katika vikundi vya kulinda. Mwaka 2023 ikatoka sheria ya akiba ya jeshi, ile inayoitwa kwa Kifaransa réserve armée de la défense. Jina la Wazalendo likaenea kila mahali. Mwezi wa kwanza 2025 Goma ikaanguka, mwezi wa pili Bukavu ikaanguka, na hapa kwetu hofu ikapanda kama mto wa masika. Kijana wa kijiji anauliza: mimi ni Mzalendo wa kifungu cha 63, ama ni mhaini wa kifungu cha 190? Na mara nyingi, anayempa bunduki ndiye huyohuyo anayempa jibu.

Tusiseme pia kwamba sheria ya silaha ni kitu safi siku zote. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels kupiga vita biashara ya watumwa. Yakapatana kwamba bunduki za kisasa zisiingizwe tena katika sehemu kubwa ya Afrika, na sisi tulikuwamo. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwa maana bunduki ndizo zilizokamata watu wetu na kuwafunga minyororo. Lakini serikali zenyewe zilibaki na bunduki zao. Na bunduki hizo za serikali ya Léopold ndizo zilizowasimamia babu za Wakongomani wakitafuta mpira msituni. Sheria ilimnyang'anya mmoja, ikamwachia mwingine.

Biblia inalijua jambo hilo. Katika 1 Samweli 13, mstari wa 19 mpaka 22, Wafilisti walihakikisha kwamba katika Israeli hakuna mhunzi hata mmoja, wasije wakafua panga. Mwisraeli akitaka kunoa jembe lake, aende kwa Mfilisti, alipe. Siku ya vita ilipofika, Sauli na Yonathani peke yao walikuwa na upanga. Kwa hiyo mtu akisema, «Mchungaji, mtiifu akitoa silaha na mwasi akibaki na yake, mtiifu ndiye atakayekufa», hasemi upumbavu. Anasema jambo lililoandikwa.

Sasa, ndugu, kama neno lingeishia hapo tungeuchukua ule mfuko wa unga na kuuombea. Lakini haliishii hapo.

3. Nchi yetu imeshaona

Sisi wa Kasongo na Kabambare hatuhitaji kwenda mbali kujifunza habari za bunduki. Njia inayopita kwetu ni njia ya zamani ya kutoka Kasongo kwenda Ujiji, njia ya pembe na ya watumwa, wakati wa Tippu Tip na mwanawe Sefu. Waliokuwa na bunduki walisema wanaleta biashara na usalama wa safari, na vijiji vingi vikajiweka chini yao ili vilindwe. Kisha wakaja wenye bunduki wengine. Kasongo ilitekwa na jeshi la Dhanis mwaka 1893, na Kabambare ikafuata mwanzoni mwa 1894. Nao wale wapya walisema wamekuja kutuokoa. Mwenye kulima aliendelea kulima kwa ajili ya mwenye bunduki.

Wazee wetu wanakumbuka 1964. Wasimba walianza na machungu ya kweli. Watu walikuwa wameahidiwa mengi kwa uhuru na hawakuyaona. Vijana walipewa dawa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Kindu ilipotekwa, makarani na watu waliosoma waliuawa kwa kuitwa wasaliti. Risasi hazikugeuka maji, na vijana wengi hawakurudi.

Mwaka 2005, kwa jirani zetu wa Shabunda, raia walichoka na mauaji ya FDLR. Hakukuwa na askari wa kuwasaidia. Wakasimama wenyewe, wakajiita Raia Mutomboki, maana yake raia waliokasirika. Tuseme ukweli wote: sehemu nyingi waliwafukuza FDLR, na watu wakarudi mashambani. Lakini kisha adui kuondoka, je, bunduki ilirudi nyumbani? Hapana. Vikundi viligawanyika, kila kimoja na mkubwa wake, vikaweka vizuizi njiani na kwenye machimbo. Raia aliyekasirika akawa anamkasirisha raia mwenzake.

Na hapa nyumbani, Salamabila na Namoya, kwenye dhahabu. Kundi lililojiita Malaika lilisema linatetea haki ya wenyeji na ya wachimbaji wadogo. Haki hiyo ilikuwa neno la kweli, hatukani mtu. Lakini tuliona watu wakitekwa, tuliona vijiji vikikimbia, na mwaka 2019 kampuni ya Banro ikasimamisha kazi Namoya kwa sababu ya usalama. Leo mwulizeni mama anayeuza mihogo Salamabila kama bunduki zilimletea ile haki.

Upande wa kusini, kule Tanganyika, Watwa na Waluba waliuana miaka mingi, sehemu kubwa kwa mishale na mapanga. Kila upande ulikuwa na vijana wake, na kila upande ulisema: sisi tunajilinda tu. Basi tusidhani kwamba ubaya umo ndani ya chuma cha bunduki peke yake. Umo moyoni mwa mtu. Lakini bunduki inaufanya moyo mbaya kuwa na mkono mrefu.

4. Daudi kwenye kizuizi

Fungueni 1 Samweli 25. Sura hii tuliifundishwa katika chuo cha Biblia kama habari ya ndoa ya Daudi. Tulipoisoma tena hapa kwetu, tuliona ni habari ya Kabambare.

Daudi yuko porini na watu wake. Sura ya 22 inatueleza ni watu gani: wenye shida, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Wamefika mia nne. Wana silaha, hawana mshahara. Wamekaa karibu na wachungaji wa mifugo ya tajiri mmoja, Nabali, mwenye kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja. Na kweli waliwalinda. Mtumishi wa Nabali mwenyewe anashuhudia kwamba walikuwa kama ukuta kwao usiku na mchana, na hakikupotea kitu. Hawa walikuwa walinzi wema.

Ikafika siku ya kukata manyoya, siku ya mavuno ya mfugaji. Daudi akatuma vijana kumi kwa Nabali. Salamu ni nzuri, lakini maana yake tunaijua: tumekulinda, sasa tupe chochote. Kule Kivu ya Kaskazini makundi yenye silaha yanatoza watu pesa ambayo imepewa jina la «lala salama». Ulipe ili ulale salama. Na usipolipa, ni nani atakayekuzuia kulala salama? Ni yuleyule unayemlipa.

Nabali akatukana, akakataa. Daudi alifanya nini? Hakusema, «Basi, tulilinda kwa ajili ya Mungu.» Alisema kila mtu ajifunge upanga wake. Watu mia nne wakashuka, na nia yao ilikuwa kutomwachia Nabali mwanamume hata mmoja mpaka asubuhi. Angalieni, ndugu! Mpakwa mafuta wa Bwana, mtunga Zaburi, aliyekuwa ukuta kwa watu wale, kwa siku moja tu ya njaa na matusi anakwenda kuwaua watu haohao aliowalinda. Kama upanga ulimfanyia hivyo Daudi, kijana wetu wa miaka kumi na saba utamfanyia nini?

Aliyemzuia ni mwanamke, naye hakuwa na silaha. Abigaili alipakia punda mikate mia mbili, divai, kondoo watano, bisi, zabibu na tini. Akashuka kumkuta njiani. Hakumtukana, wala hakumsifu kwa uongo. Alimkumbusha kwamba siku Mungu atakapomweka kuwa mkubwa, damu aliyoimwaga bure isije ikamsumbua moyoni. Na Daudi akamshukuru Mungu kwa ajili yake, akarudi.

Tuna Abigaili wetu. Mama mmoja wa kanisa, hatutaji jina, alikuwa anakwenda sokoni na wenzake, mihogo kichwani. Njiani wakakuta kamba imefungwa. Kijana aliyeshika kamba anaomba franka 1,000 kwa kila mtu. Mama akamtazama. Alikuwa mtoto wa kalasi yake ya Siku ya Mungu, aliyefundishwa na yeye Zaburi ya 23. Kijana alipomtambua akaangalia chini, akasema polepole: «Mama, wewe pita.» Mama akajibu: «Mwanangu, sitapita peke yangu. Hawa nao ni mama zako.» Akatua mzigo, akakaa chini. Wenzake nao wakatua, wakakaa. Akatoa mihogo iliyopikwa, akampa kijana, kwa maana alikuwa na njaa, macho yalionyesha. Walikaa mpaka jua likageuka. Mkubwa wa kijana akaja, akapiga kelele, kisha akawaacha wapite wote kwa nusu ya bei.

Nusu ya bei si ufalme wa mbinguni. Lakini siku ile hakuna aliyepigwa, na kijana alijua kwamba kuna mtu anayekumbuka jina lake.

5. Jinsi ya kumpima mlinzi

Mtauliza: na Nehemia je? Si watu wake walijenga kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mkono wa pili? Ndiyo. Sura ya 4 ipo, na hatuwezi kuifuta. Biblia haikatazi ulinzi. Lakini vijana wanaotuletea Nehemia sura ya 4, tunawaomba wasome pia sura ya 2, ya 5 na ya 6. Humo tunapata maswali matatu ya kumpima kila mlinzi.

La kwanza: nani amemtuma? Nehemia alikuja mchana, na barua za mfalme, na maofisa wa mfalme. Kila mtu alimjua. Mlinzi ambaye jina lake halijulikani, ambaye hakuna wa kumshitaki kwake akikosa, huyo hana Nehemia sura ya 2.

La pili: anakula nini? Sura ya 5, mstari wa 14 mpaka wa 18. Maliwali waliotangulia waliwalemea watu, walichukua chakula na divai na fedha shekeli arobaini. Nehemia alikuwa na haki ya kula posho ya liwali, lakini kwa miaka kumi na miwili hakuila, kwa sababu aliona mzigo wa watu ni mzito. Mlinzi anayekula kwa mama mwenye mihogo ni mzigo wa pili juu ya kichwa cha mama. Swali hili ni la wote: Mai-Mai, Mzalendo, na askari wa serikali mwenye kombati. Na ni la serikali kwanza. Ukimpa mtu bunduki na usimpe mshahara, umekwisha kumwonyesha mshahara wake utatoka wapi.

La tatu: ataacha lini? Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku hamsini na mbili, sura ya 6 mstari wa 15. Wajenzi wale hawakuwa jeshi la kudumu. Makundi yetu mengine yana umri wa miaka ishirini na zaidi. Ulinzi usio na mwisho umegeuka kuwa kazi, na kazi hiyo inahitaji adui ili iendelee.

Na Bwana wetu mwenyewe? Luka 22 inasumbua watu. Yesu anawaambia wanafunzi kwamba asiye na upanga auze vazi akanunue. Wanamwonyesha panga mbili, naye anasema inatosha. Kwa watu kumi na wawili, dhidi ya Roma! Panga mbili hazitoshi kwa vita yoyote. Anayetafuta jeshi katika mistari hiyo hatalipata. Na usiku uleule Petro alipotumia mojawapo, Yesu alimkataza, akagusa sikio la mtumishi wa kuhani, akamponya. Sikio lile lilikuwa la mtu aliyekuja kumkamata. Muujiza wa mwisho wa mikono yake kabla ya msalaba ulikuwa kutengeneza kile ambacho mwanafunzi wake mwenye silaha alikiharibu.

Hapo ndipo tulipata jibu la mfuko wa unga. Jembe tunaweza kulibariki kwa sababu tunajua kesho litafanya nini. Bunduki hatujui. Leo inalinda njia, kesho imefunga njia, kesho kutwa imo mkononi mwa mtu mwingine kabisa. Mtu tunaweza kumbariki, kwa maana Roho wa Mungu anakaa ndani ya mtu.

6. Tufanye nini?

Kanisa si ghala. Hakuna silaha itakayofichwa katika nyumba ya Mungu, wala nyumbani mwa mchungaji, ya rafiki wala ya adui. Siku itakapokutwa, kanisa lote litalipa.

Tulinde kwa macho na kwa sauti. Nehemia alikuwa na mpiga baragumu kando yake. Tuwe na kengele, filimbi, simu ya kijiji, watu wa zamu wanaojulikana na shefu. Njia za kukimbilia zijulikane, na kila mzee na kila mwenye ulemavu awe na mtu wa kumbeba. Katika mambo haya jirani zetu Waislamu ni wenzetu. Risasi haiulizi nani anaswali wapi.

Tusiue kwa kundi. Mwizi akikamatwa na jua limetoka, apelekwe kwa wenye sheria. Tunajua kwamba wakati mwingine anaachiliwa siku ya tatu. Inauma. Lakini damu yake haitalala.

Tuiambie serikali ukweli kwa heshima na bila kuchoka. Kifungu cha 52 ni deni. Hatuwezi kuwaambia watu watoe silaha kama hakuna askari anayekuja wanapoita.

Na anayetaka kurudi, apate mlango. Tangu 2021 kuna mpango wa serikali wa kupokea wanaoacha silaha, P-DDRCS. Na mbele yake, Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC walikusanya silaha kule Katanga ya kaskazini kwa kuwapa watu kinga. Wengine walicheka: bunduki kwa kinga! Lakini kinga inabeba mihogo mpaka sokoni. Basi kijana akirudi, asiulizwe kwanza aliua wangapi. Yako mambo ya tubio na yako mambo ya hakimu, na hatutayafunika. Lakini kwanza apewe maji ya kuoga na sahani ya bukari.

Tunamalizia. Mmoja wa vijana wale watatu amerudi kwetu. Tuliyofanya naye hatuyaandiki hapa. Alituuliza swali moja: «Mchungaji, nikiweka chini, wao wakija usiku, nani atasimama mlangoni?» Tulikaa kimya. Kisha tukamwambia kwamba hatuna jibu linaloondoa hofu yote, na kwamba baba atakayesimama mlangoni mwake usiku ule hatutamhukumu. Lakini tulimwambia pia: hatutaki usiku mmoja wa hofu ukufanye kuwa hofu ya watu wengine kwa miaka ishirini.

Tuombe. Bwana, unajua njia zetu na wanaokaa kando yake usiku huu. Walinde walinzi wasigeuke. Walinde wanaolindwa wasiwe na mioyo ya Nabali. Utupe mama wengi kama Abigaili. Uwakumbushe wakubwa wa nchi mishahara ya askari wao. Na mtoto yeyote aliyefunikwa kinywa porini, Bwana, umpe kulia kwa sauti nyumbani kwake. Katika jina la Yesu. Amina.